Mkeka wa Msiba

"Andikeni re, lakini someni ri," alisema Mwalimu Raymundi. Alishika chaki kwa vidole ambavyo kucha zake bado zilikuwa na mchanga wa kaburini. "Neno la Kiingereza likianza hivi, mara nyingi jambo linafanyika tena. Riraiti, kuandika tena. Ribildi, kujenga tena."

Watoto waliitikia kwa sauti ndogo. Walijua kwamba mkewe alizikwa jana alasiri, na kwamba mfiwa habanduki mkekani mpaka matanga yaondolewe.

Yeye aliamka, akapiga pasi shati, akaja shule. Alikuwa hajalia. Hata njaa hakuisikia.

Jirani yake, bibi aliyemwosha marehemu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watu wamejaa kwako. Wampe nani pole?"

"Nina somo, bibi."

Bibi alizitazama zile kucha. Alivua viatu, akaingia, akaketi sakafuni kati ya watoto. Nyuma yake wakaja wengine, wake kwa waume, na mikeka waliyokuwa wameikalia nyumbani kwa mwalimu. Wakatandika mpaka miguuni pa ubao.

Mwalimu akawapa mgongo. Ubaoni lilikuwa limebaki neno moja.

"Ritani," alisema. "Kurudi."

"Litani," waliitikia wote, wakubwa kwa wadogo, taratibu, kama watu wanaoitikia litania kanisani.

Mwalimu aligeuka, akafungua kinywa awasahihishe, akajikuta amekaa mkekani.