Krimu au Kijani

"Sogeza simu karibu na dirisha," Serah alisema. "Hapo naona kivuli tu."

Harrison, mume wake, akasogea. Kwenye simu yakatokea mabaka mawili ya rangi ukutani, moja la krimu, jingine la kijani kilichopauka. Ukuta huo ulikuwa Nakuru, katika chumba cha kulala cha nyumba waliyoiota pamoja tangu kabla hawajaoana. Serah alikuwa Walthamstow, London, kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba, Nadim, hakuruhusu hata msumari upigwe.

Alikuwa ametoka kazini kuwaogesha wazee wa watu, na koti hajavua. Wiki nzima alipita kwenye maduka ya rangi ya huku, akiokota vikadi vya sampuli na kuviinua kwenye mwanga hafifu wa Novemba, akijaribu kukumbuka jua la nyumbani linavyoingia asubuhi.

"Krimu itachafuka upesi," alisema. "Kijani kinatuliza. Wewe unaonaje?"

"Chagua wewe. Fundi anangoja."

Alisema kwa sauti ya chini. Siku hizi alizungumza hivyo, kama mtu aliye kanisani, na kamera haikutoka ukutani.

"Hebu geuza nikuone basi."

"Mtandao unasumbua. Niambie rangi."

Serah akacheka. Mwanamume ambaye zamani hakujua hata rangi ya shati alilovaa, leo ana haraka kiasi hiki! Alijua ni kwa ajili yake. Krismasi angerudi kabisa. Kazini alishaaga, na binti yao Lorraine, aliyezaliwa huku na kukataa kumfuata, alikuwa hajamsemesha tangu Jumapili. Hayo yote aliyameza. Angekuwa na chumba chake, na mume wake ndani yake.

"Basi kijani," alisema. "Nataka nikifungua macho asubuhi niamini kweli nimefika kwetu, Baba Lorraine."

Kidole kikaziba kamera, lakini simu haikukatika. Serah akasikia mlango ukifunguliwa, ndala zikiburuzwa sakafuni, kisha sauti ya mwanamke, changa, isiyo na wasiwasi wowote:

"Baba Ian, dada yako wa London ameshatuchagulia?"