Bakuli la Nne

Mtoto alijipinda kama upinde, akatapika tena, safari hii maziwa yakamtoka hadi puani. Mwanaheri, mama yake, alimwinua. Kwenye nepi aliona uzi mwembamba wa damu.

"Kiungulia hicho, watoto wote hucheua," alisema mama mkwe wake, akimsogezea bakuli la nne la uji wa maziwa tangu asubuhi. "Kunywa, mwanangu. Mzazi hunywa, titi likajaa."

Ndipo maneno aliyoambiwa na muuguzi kliniki yakamrudia: wapo watoto wanaodhuriwa na maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama, yakiwafikia kupitia titi.

"Nisamehe, mama. Sinywi tena."

Mama mkwe akabaki na bakuli mkononi, likifuka mvuke. Lakini mabakuli matatu yalikuwa tayari tumboni mwa Mwanaheri, na mtoto, kwa njaa, alikuwa akilitafuta titi.