Mgonjwa Haambiwi

Modesta alipoitwa peke yake chumbani kwa daktari, na mumewe akaachwa barazani na karanga zake, alijua kila kitu kabla mlango haujafungwa. Huku kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa mwenzake, na mwenzake hutoka nje akitabasamu.

Wiki mbili nyuma yeye ndiye aliyemburuta mumewe, Nestory, hospitalini, kwa ajili ya uvimbe uliomkaa mgongoni, mkubwa kama chungwa. Nestory alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo Nyakato, hadi kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapewa mkono wa kwaheri. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, hasemi, anakaa tu na kuutazama ukuta. Daktari Ojwang, kijana wa Rorya aliyekuwa ametoka masomoni Ulaya, alikata kipande cha uvimbe ule, kisha akakiona kivimbe shingoni mwa Modesta.

"Na hicho, mama?"

"Hiki? Ni mtoki tu, mwanangu."

Akakikata nacho. Modesta alicheka njia nzima hadi nyumbani Igoma. Daktari gani huyu, haoni nyama akaiacha!

Leo hakucheka.

"Mama, mimi sijui kuzungukazunguka," Ojwang alisema. "Majibu yametoka. Ni saratani."

Alichora duara kwenye karatasi, na ndani yake mistari mingi. "Hii ni seli. Ni ndogo mno, haionekani kwa macho, lakini ndani ina mifupa yake. Vijibomba vyembamba. Ikitaka kugawanyika, vijibomba hivi huvuta vitu vyake nusu huku, nusu kule, kama ndugu wanaogawana ng'ombe wa marehemu. Seli yenye afya hugawanyika kwa kiasi. Ya saratani haijui kuacha. Na kwa mifupa hiyohiyo hujikokota, ikahamia kwingine mwilini."

"Kuna kupona?"

"Kupo, tukiwahi. Dawa tunayoagiza inaivuruga mifupa hiyo. Seli ikishindwa kugawanyika, inakufa. Dawa itafika baada ya wiki tatu. Tutaanza sindano Jumanne ya wiki hiyo."

Modesta alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Daktari, nakuomba kitu kimoja. Mume wangu asijue."

Ojwang aliweka kalamu chini. "Ni mwenzako, mama. Angekutia nguvu."

"Atakufa kwa mawazo kabla dawa haijafika. Namjua."

"Haya. Siri ni yako, naiheshimu. Yeye mwambie uvimbe ni mafuta tu yaliyojikusanya. Ale, afanye kazi."

Modesta alimtazama kwa mshangao. Kijana mdogo namna hii, na anadanganya bila hata kupepesa jicho! Kumbe Ulaya wanasoma kwelikweli.

Alitoka nje akitabasamu. "Mafuta tu, Baba Kija. Twende nyumbani."

Miaka ile minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda kwa wenye nazo, na sisi wa Mwanza tukabaki na mapanki: kichwa, mifupa na mkia. Modesta aliapa kwamba mumewe hatakula mifupa tena. Kila jioni Nestory alikuta sato mzima kwenye sahani. Mapanki Modesta aliyamalizia jikoni, amekaa kwenye kigoda, akinyonya mfupa mmoja mmoja. Maji alichota yeye. Marobota ya mitumba aliyabeba yeye hadi sokoni.

"Mama Kija," Nestory alimtania siku moja, "unaninenepesha ili unichinje sikukuu gani?"

"Kula, bwana. Umelitumikia taifa."

Naye alikula. Mtu aliyeambiwa hana ugonjwa hupona haraka sana. Mashavu yalijaa, akaanza kupiga mluzi asubuhi, na katikati ya wiki ya pili akapata vibarua vya kutengeneza cherehani za mafundi wa pale Igoma. Majirani walimpongeza. Modesta aliingia jikoni akalia, kwa sababu alijua kwamba taa inayotaka kuzimika huwaka sana. Alimpenda mtu yule, pamoja na ukimya wake wote, na hakuwahi kumwambia hata mara moja. Usiku alimwomba Mungu kwa moyo wote: kama ni lazima achukue mmoja, amwache Nestory.

Yeye mwenyewe sketi ilikuwa inamvuka. Alfajiri aliamka shuka limelowa jasho, na kupanda kilima kidogo tu kulimkata pumzi. Ng'washi, mwenzake wa mitumba, alimwambia kwamba anayeuguza hukonda kuliko anayeumwa. Modesta akaona kweli.

Jumanne ikafika. Nestory aliambiwa ni sindano ya kuyeyusha mafuta, akaja bila ubishi. Waliketi kwenye benchi bega kwa bega. Muuguzi Suzana alipotokea na trei yake, Nestory alikunja mkono wa shati hadi begani, akageuza uso ukutani kama mtoto. Modesta alimshika kiganja. Kilikuwa cha moto, kimenona.

"Jikaze, Baba Kija. Ni dakika moja tu."

Suzana alisoma jina kwenye cheti. Akampita Nestory, akapiga goti mbele ya Modesta, akamfunga mpira juu ya kiwiko.

"Shikamoo, mama," alisema, akitafuta mshipa. "Daktari anakusifu sana. Anasema hajawahi kuona mgonjwa aliyepokea majibu yake kwa ujasiri kama wewe."