Kimoja Asubuhi

Taya la Tunu lilikuwa limekaza tangu ang'olewe gego la mwisho. Mdomo ulipitisha kidole kimoja tu. Daktari alimpa vidonge vinne vyeupe kwenye bahasha ndogo ya kaki, vya kupunguza uvimbe ili taya lilegee.

Alikuwa jikoni, ndiyo kwanza amemeza kimoja, wifi yake Salha alipoingia bila hodi, akainyakua bahasha na kuvimimina vitatu vilivyobaki kiganjani.

"Ahaa! Vya kunenepesha! Kaka yangu anajua kama mkewe ananunua mashavu dukani?"

"Jino," Tunu alisema kwa shida, meno yamebanana.

"Jino gani? Hunidanganyi mie. Hivi navijua hata gizani."

Tunu akaiangalia bahasha. Haikuandikwa jina la dawa. Iliandikwa tu: kimoja asubuhi. Akainua macho, akayatazama mashavu ya Salha yaliyojaa ghafla tangu Idi, ambayo nyumba nzima ilisema ni chapati za mama.

Salha akarudisha vidonge kwenye bahasha, cha kwanza, cha pili, akaiweka mezani taratibu. Kiganja chake kikabaki kimefumbwa.