Shaba ya Mdachi

Nje ya Ifakara, wanawake walioamriwa kufyeka nyasi chini ya waya mpya wa simu wa Mdachi waliangusha nguzo moja kwa shoka. Mama Matimbwa aliulaza waya juu ya jiwe. Ulikuwa ukitetemeka mkononi mwake.

"Unaongea huu," alisema. "Unawaita askari wa Mahenge."

"Ukate basi!" mmoja wao alidakia. "Wanetu wako kwenye mitumbwi, wanakwenda kulivamia boma la Mdachi!"

Mama Matimbwa akashusha shoka. Waya ukaruka, ukajikunja majanini, ukanyamaza. Vigelegele! Mikono ikaanza kugombania ile shaba ya kutengenezea bangili.

"Acheni!" Mama Matimbwa alisema. "Atakayekutwa nayo atanyongwa."

Mke mwenzake alicheka, akijizungushia waya mkononi.

"Basi nitanyongwa nimependeza, dada. Lete shoka, twende nguzo ya pili."