Baba Krismasi Aliyekufa

Patrobas alikuwa amelala ndani ya jeneza lililozungushiwa karatasi ya zawadi, akingoja kigari kifuatacho, aliposikia sauti ya mke wake.

"Usifunge macho, Mourine. Umenililia wiki nzima unataka kuja, sasa angalia."

Mwaka mzima ile Nyumba ya Mashetani ilisimama katika uwanja wa karibu na mtaa wa Mbotela ikiwa na mambo yale yale: vigari vya kukwaruza reli, mifupa ya plastiki, na Patrobas amepakwa unga usoni, akiwa maiti. Desemba ilipoingia, Jawahir, mwenye mchezo, alileta robota la vitambaa vyekundu kutoka Eastleigh. Mifupa ikavishwa kofia za Krismasi. Popo wakafungwa kengele. Makaburi yakatandaziwa pamba iwe theluji.

"Na wewe si maiti tena," Jawahir alimwambia, akimkabidhi ndevu nyeupe na kinyago cha fuvu. "Wewe ni Baba Krismasi aliyekufa. Utaona watakavyojaa."

Kweli walijaa. Siku ya Krismasi yenyewe foleni ilitoka nje ya lango.

Kigari kilisimama mbele ya jeneza. Kazi ya Patrobas ilikuwa kusukuma kifuniko, kuinuka na kunguruma. Alisukuma. Akainuka. Sauti ikakataa kutoka. Nabwire alikuwa amekaa pale, amemkumbatia msichana wa miaka saba. Patrobas alipomwacha, mtoto huyo alikuwa bado ananyonya.

"Mama, huyu hata hatishi!" Mourine akacheka.

Kigari kikaondoka.

Aliwaaga nyumbani, mtaa wa Fedha, akisema anakwenda Qatar, kazi ya ujenzi. Alikuwa ameuza cherehani ya Nabwire ili amlipe wakala, na wakala akatoweka kabla hata pasipoti haijatoka. Kurudi na begi lile lile aliloombewa na kanisa zima kulimshinda. Alitafuta kitanda Eastleigh, akazima simu, akajiambia atarudi akishika kitu. Hakushika kitu. Mara mbili alifika hadi kwenye geti la ploti yao, na mara mbili akageuka.

Jawahir alimgongea ubao. Ilikuwa zamu yake ya kutoka nje kupigwa picha na wateja.

Mourine ndiye alikuwa wa kwanza. Alisimama ubavuni mwake bila woga wowote, huku Nabwire akirudi nyuma na simu kutafuta mwanga mzuri.

"Baba Krismasi, wewe umekufa kweli?"

"Kweli," Patrobas alijibu, akiifanya sauti yake kuwa nzito.

"Basi zawadi za watoto unaleta vipi?"

"Wewe hujapata yako?"

"Mimi nililetewa na baba." Akainua mguu kumwonyesha kiatu cha waridi chenye taa kwenye kisigino. "Yuko Qatar. Hunitumia kila Krismasi."

Patrobas alishukuru kwamba alikuwa na kinyago. Hakuwahi kutuma hata salamu. Nabwire, bila cherehani na bila mume, alikuwa akinunua viatu na kuvipa jina lake, ili mtoto akue akijua ana baba anayemkumbuka. Miaka yote hiyo. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu za pamba.

Picha ilipopigwa, Nabwire alimpa mtoto noti, akamwelekeza kwa muuza peremende aliyekuwa hatua chache kutoka pale. Patrobas akaona kwamba asipofanya sasa, hatafanya tena. Alimsogelea mkewe, akavua kinyago.

"Mama Mourine. Ni mimi."

Nabwire hakupiga yowe. Hata hakushtuka.

"Najua ni wewe. Nimejua tangu Pasaka. Nilipanda hiki kigari na wanawake wa kanisa, nikakuona umelala na unga usoni. Nilifikiri moyo utasimama."

"Na hukusema kitu?"

"Ningemwambia nani? Ulipopotea, wazee wa kwenu walikuzika kule Busia. Walikata mgomba badala ya mwili, wakaufunga kwa shuka lako, wakaushusha kaburini. Nililia hadi sauti ikakauka."

Patrobas aliinamisha kichwa. Muuza peremende alikuwa akimhesabia Mourine chenji.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa mwoga. Lakini Mungu akubariki kwa ulichomfanyia mtoto. Mimi nimezikwa, na bado kwake unaniweka hai. Nipe nafasi, Nabwire. Niko tayari kurudi hata leo. Nitamwambia mwenyewe kwamba nimerudi kutoka Qatar, na hutanisikia nikikuaibisha."

Alijaribu kumshika mkono. Nabwire alimtazama, uso wake ukiwa umekunjamana kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. Kisha akaelewa anachosema, na kicheko kidogo kikamtoka bila yeye kutaka.

"Kumbe umedhani ni wewe?"

Alichukua kinyago kutoka mkononi mwake, akamvisha taratibu, akamnyoosha na ndevu hadi zikakaa sawa.

"Viatu vile sikununua mimi, Patrobas. Niliolewa tena baada ya mazishi yako. Baba yake alivituma kutoka Doha, na kesho tunapanda ndege kumfuata. Haya, jikaze, mtoto anakuja kukuaga."