Jenereta Barazani

Uvumi ulimkaa Bi Tatu kooni kama mwiba wa samaki: mtaa wa pili, fundi cherehani alisinzia kando ya jenereta lake, hakuamka tena.

Alipofika saluni kwa bintiye Zuhena, alilikuta jenereta likinguruma chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa kuhofia wezi.

"Kichwa kinanigonga, mama. Dawa za nywele hizi."

"Dawa gani? Ni moshi huo!"

"Mji unakua, mama. Umeme hautoshi, kila duka lina lake. Nikiliweka nje wataliiba."

"Basi watuibe sote wawili, mimi nalo."

Bi Tatu akalizima, akalikokota hadi barazani. Akafunga ncha ya kanga kwenye mpini, ncha nyingine kiunoni mwake, kisha akaketi. Wateja wakaangua kicheko. Zuhena naye akacheka, akatoka nje, akalaza kichwa chake begani mwa mama yake, akivuta pumzi ndefu.

Kila mpita njia aliyesimama kushangaa, Bi Tatu alimwambia:

Usiwashe jenereta ndani.
Usifunge mlango ukaliacha linawaka.
Usilale karibu nalo.
Mtoto akisema kichwa kinamuuma, usimwambie avumilie.